Kipimo cha CMV: Jibu la "Chanya" Lina Maana Gani kwa Mama na Mtoto?

Katika kliniki na maabara za kibinafsi zilizo kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, kuna mkusanyiko wa vipimo vya damu unaojulikana kama TORCH. Mama huweza kushauriwa aufanye baada ya mimba kuharibika, au mtoto anapozaliwa na tatizo ambalo chanzo chake hakijulikani. Vipimo hivyo hutafuta dalili za maambukizi kadhaa kwa mpigo: toksoplasma, rubela, hepesi, na virusi vinavyoitwa sitomegalovirusi, kwa kifupi CMV.

Karatasi ya majibu ikitoka, neno linaloshtua huwa moja: "chanya". Mama akilisoma bila maelezo anaweza kujilaumu kwa mimba aliyoipoteza, kununua dawa asizohitaji, au hata kuacha kunyonyesha. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyofaa kuchukuliwa. Upande wa pili, mtoto mchanga ambaye kweli alihitaji kupimwa CMV katika wiki zake tatu za kwanza hukosa kupimwa, na nafasi hiyo ikipita hairudi.

Makala haya yanaeleza vipimo vya CMV hufanyaje kazi, nani anavihitaji, na maswali ambayo mkaazi anafaa kuuliza kabla ya kutoa damu na pesa.

VIRUSI AMBAVYO WENGI WETU TUNAVYO

CMV ni ya jamii moja na virusi vinavyosababisha tetekuwanga na hepesi. Huambukizwa kupitia mate, mkojo, machozi, damu, majimaji ya sehemu za siri na maziwa ya mama. Mama mjamzito pia anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Watoto wadogo ndio wanaovisambaza zaidi, kwa sababu mtoto aliyeambukizwa anaweza kutoa virusi katika mate na mkojo kwa miezi mingi bila kuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana CMV huenea kwa urahisi katika vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo familia nyingi za Kitengela huvitegemea wazazi wanapokwenda kazini.

Mtu mwenye afya njema akiambukizwa, kwa kawaida hahisi chochote. Wachache hupata homa, uchovu na kuvimba tezi kwa siku kadhaa, hali inayoweza kudhaniwa kuwa malaria au mafua. Baada ya hapo virusi haviondoki. Hubaki mwilini maisha yote vikiwa vimelala, na vinaweza kuamka kinga ya mwili ikidhoofika.

Utafiti uliofanywa miongoni mwa wajawazito mjini Thika na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu yao walikuwa na kingamwili zinazothibitisha kwamba waliwahi kuambukizwa CMV. Kwa maneno mengine, wajawazito 10 wakiketi kwenye benchi la kliniki, 7 au 8 kati yao wanaweza kupata jibu la "chanya" katika kipimo kimoja cha CMV, ilhali hakuna hata mmoja aliye mgonjwa siku hiyo.

KINGAMWILI: KUMBUKUMBU YA MWILI

Vipimo vingi vya CMV vinavyofanywa kwa damu ya mtu mzima havitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza unapokutana na adui. Kuna aina mbili zinazopimwa: IgM na IgG.

IgM hutokea mapema, siku chache au wiki chache baada ya maambukizi, kisha hupungua. IgG huchelewa kidogo, lakini ikishatokea hubaki maisha yote. Inafanana na kovu la chanjo ya BCG mkononi: ukiliona unajua mtu huyo aliwahi kuchanjwa, lakini kovu lenyewe halikuambii ni mwaka gani.

Kwa hivyo majibu ya vipimo hivi viwili husomwa pamoja, hivi:

IgG hasi na IgM hasi: mtu huyu hajawahi kuambukizwa. Akiwa mjamzito, anafaa kuchukua tahadhari zaidi asiambukizwe kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito.

IgG chanya na IgM hasi: maambukizi ni ya zamani. Hili ndilo jibu linalopatikana zaidi nchini. Peke yake halihitaji dawa, na halithibitishi kwamba CMV ndiyo iliyosababisha mimba kuharibika.

IgG hasi na IgM chanya: huenda ni maambukizi mapya kabisa, au huenda kipimo kimekosea. Kipimo hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu. IgG ikitokea katika kipimo cha pili baada ya kukosekana katika cha kwanza, huo ni ushahidi thabiti wa maambukizi mapya.

IgG chanya na IgM chanya: hapa ndipo penye utata. Maambukizi yanaweza kuwa mapya, lakini pia yanaweza kuwa ya zamani. IgM huweza kubaki katika damu kwa miezi mingi, inaweza kutokea tena virusi vilivyolala vinapoamka, na wakati mwingine kipimo huchanganya IgM ya CMV na ile ya virusi vingine. Katika utafiti wa Thika, takriban wanawake 8 kati ya kila 100 walikuwa na IgM. Si wote wanaoweza kuhesabiwa kuwa na maambukizi mapya.

Kutatua utata huo kuna kipimo cha tatu, kinachopima jinsi kingamwili za IgG zinavyoshika virusi kwa nguvu. Kingamwili changa hushika kwa ulegevu. Kadiri miezi inavyopita hukomaa na kushika kwa nguvu. Mshiko ukiwa dhaifu, maambukizi yana uwezekano mkubwa wa kuwa yalitokea ndani ya miezi mitatu au minne iliyopita. Ukiwa imara, yalitokea kabla ya hapo. Kipimo hiki humfaa zaidi mjamzito akipimwa mapema, katika miezi mitatu au minne ya kwanza. Akipimwa mimba ikiwa na miezi saba, mshiko imara hauwezi kumwambia kama aliambukizwa kabla ya kushika mimba au katika wiki za mwanzo za mimba hiyo. Si kila maabara ina kipimo hiki, na mara nyingi sampuli hulazimika kupelekwa kwenye maabara kubwa jijini Nairobi.

Jambo jingine la kuzingatia ni tarakimu inayoandikwa mbele ya IgG. Baadhi ya wagonjwa huona nambari kubwa na kudhani ugonjwa umezidi. Sivyo. Nambari hiyo huonyesha wingi wa kingamwili katika damu. Haipimi ukali wa ugonjwa.

KWA NINI TAREHE YA MAAMBUKIZI NI MUHIMU KWA MJAMZITO

Mwanamke anayeambukizwa CMV kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito ana uwezekano wa takriban theluthi moja wa kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Aliyeambukizwa zamani pia anaweza kumwambukiza mtoto, virusi vikiamka au akipata aina nyingine ya CMV, lakini uwezekano huo ni mdogo sana. Madhara makubwa kwa mtoto hutokea zaidi maambukizi yanapotokea katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Pale ambapo maambukizi mapya yamethibitishwa na picha ya ultrasaundi inaonyesha dalili za kutia wasiwasi, daktari bingwa anaweza kupendekeza kupima maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Kipimo hicho hufanywa baada ya wiki ya 20 hivi ya mimba, na angalau wiki nane baada ya mama kuambukizwa. Kikifanywa mapema zaidi, kinaweza kutoa jibu la uongo la "hasi", kwa sababu virusi havijafika kwenye mkojo wa mtoto na kuingia katika maji hayo.

Kipimo cha CMV hakimo katika orodha ya vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito nchini Kenya, ambako mama hupimwa HIV, kaswende, kiwango cha damu, kundi la damu na mkojo. Mama asione kwamba amenyimwa huduma kwa kutopimwa CMV. Kwa kuwa wanawake wengi tayari wana IgG, kumpima kila mjamzito kungeleta majibu mengi ya kutisha na machache ya kusaidia. Daktari hukiagiza kwa sababu maalum.

MTOTO MCHANGA: SIKU 21 PEKEE

Kwa mtoto mchanga, kupima IgG hakusaidii. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, hivyo jibu la "chanya" linaweza kuwa la mama na si la mtoto. Wazazi wanaofuata huduma za kuzuia mama kumwambukiza mtoto HIV wanalijua jambo hili: mtoto huyo hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta chembechembe za urithi za virusi vyenyewe.

CMV ya kuzaliwa nayo hutafutwa kwa njia hiyohiyo. Sampuli bora ni mkojo au mate. Mate huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu la mtoto. Mkojo hukusanywa kwa kifuko kidogo kinachobandikwa. Mtoto hadungwi sindano.

Kuna masharti mawili ambayo yakipuuzwa hupoteza maana ya kipimo. La kwanza, mate yachukuliwe angalau saa moja baada ya mtoto kunyonya. Maziwa ya mama aliye na CMV yanaweza kuwa na virusi, na mabaki yake mdomoni yanaweza kutoa jibu la "chanya" lisilo la kweli. Kwa sababu hiyo, mate yakionyesha CMV, jibu huthibitishwa kwa kupima mkojo.

La pili, sampuli ichukuliwe kabla mtoto hajatimiza siku 21. Mtoto anaweza kupata CMV wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, na maambukizi ya namna hiyo huonekana baada ya wiki tatu hivi. Kwa mtoto aliyezaliwa miezi yake ikitimia, hayana madhara makubwa. Akipimwa akiwa na wiki sita na jibu liwe "chanya", hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama alizaliwa nayo au aliipata baadaye. Katika utafiti uliofanywa Nairobi miongoni mwa watoto wenye HIV, wengi walikuwa tayari wameambukizwa CMV kabla ya kufikisha miezi mitatu.

Hapa ndipo mtoto wa Kajiado anapoweza kupoteza nafasi. Mama aliyejifungulia nyumbani, au aliyeruhusiwa kutoka hospitalini siku ya pili, anaweza kurudi kliniki kwa mara ya kwanza siku ya chanjo ya wiki sita. Kufikia siku hiyo, mlango wa siku 21 umeshafungwa. Ziara ya ndani ya saa 48 na ile ya wiki ya kwanza au ya pili baada ya kujifungua ndizo zinazompa mhudumu wa afya nafasi ya kumtazama mtoto na kuamua kama anahitaji kipimo hiki.

Dalili zinazofaa kumfanya daktari afikirie CMV kwa mtoto mchanga ni pamoja na kichwa kidogo kuliko kawaida, uzito mdogo usioelezeka, manjano ya macho na ngozi yanayokawia kuisha, madoa madogo mekundu au ya zambarau kwenye ngozi, ini au wengu kuvimba, degedege, na kushindwa kipimo cha kusikia. Dalili hizi zina sababu nyingine pia, ikiwemo kaswende, na ndiyo maana kipimo cha maabara kinahitajika.

Duniani, inakadiriwa kwamba mtoto 1 kati ya kila 200 huzaliwa na CMV. Katika kila watoto 10 wanaozaliwa nayo, 9 hivi huonekana wazima kabisa siku ya kuzaliwa. Lakini baadhi ya hao wanaoonekana wazima, kati ya 10 na 15 kwa kila 100, hupoteza uwezo wa kusikia polepole katika miaka ya kwanza. Mzazi huona mtoto haitikii anapoitwa, au anachelewa kusema, na pengine kumwita mkaidi. CMV ndiyo maambukizi yanayoongoza kusababisha uziwi wa utotoni duniani. Ndiyo sababu jimbo la Ontario nchini Canada lilianza kuwapima watoto wachanga mwaka 2019, na jimbo la Minnesota nchini Marekani likafuata mwaka 2023. Kenya haina mpango wa kumpima kila mtoto, kwa hivyo jicho la mzazi na la mhudumu wa afya ndilo kipimo cha kwanza.

Jibu likithibitishwa mapema, kuna la kufanya. Mtoto mwenye dalili kubwa anaweza kupewa dawa ya valgansiklovia kwa miezi sita, ikianzishwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Dawa hiyo inaweza kupunguza chembechembe nyeupe za damu, hivyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari wa watoto na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Hainunuliwi dukani kwa kubahatisha. Hata mtoto asiyehitaji dawa hufuatiliwa masikio na macho yake, ili akihitaji kifaa cha kusaidia kusikia akipate kabla hajachelewa kujifunza kusema.

WANAOISHI NA HIV NA WENYE KINGA DHAIFU

Kwa mtu mzima mwenye kinga dhaifu, IgG vilevile haitoshi, kwa kuwa karibu kila mtu anayo. Swali lake si kama CMV imo mwilini; ni kama imeamka na inadhuru kiungo fulani.

Kwa mgonjwa wa HIV ambaye CD4 yake imeshuka chini ya 50, CMV inaweza kushambulia retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mgonjwa huona vitu vyeusi vinavyoelea, mimweko ya mwanga, au ukungu upande mmoja. Ugonjwa huu hutambuliwa zaidi na mtaalamu wa macho, anayepanua mboni kwa dawa ya matone na kutazama ndani ya jicho. Mgonjwa asisubiri jibu la damu. Dalili hizo ziripotiwe siku hiyohiyo katika kliniki ya CCC, kwa sababu upofu wake haurudi nyuma. Kinga kubwa ni kumeza dawa za ARV bila kukosa.

Waliopandikizwa figo hupimwa PCR inayohesabu wingi wa virusi katika damu. Kipimo hicho hurudiwa katika maabara ileile ili nambari ziweze kulinganishwa. CMV ikishukiwa katika utumbo au mapafu, kipande kidogo cha nyama ya kiungo hicho hutazamwa kwa darubini. Seli zilizoshambuliwa huwa kubwa na zenye kiini cheusi kilichozungukwa na duara jeupe, mfano wa jicho la bundi. Neno sitomegalovirusi lenyewe linatokana na ukubwa huo wa seli.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPIMWA

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Haya ni maswali matano ya kumuuliza daktari au mtaalamu wa maabara:

1. Kipimo hiki kinatafuta kingamwili au virusi vyenyewe?

2. Jibu likiwa "chanya", matibabu yangu yatabadilika vipi? Na likiwa "hasi"?

3. Mkinipima IgM na iwe chanya, mnaweza kupima nguvu ya mshiko wa IgG, au mtaipeleka sampuli wapi?

4. Sampuli itapimiwa hapa au itasafirishwa, na majibu yatachukua siku ngapi?

5. Gharama yote ni kiasi gani, na je, SHA inagharamia?

Maabara yoyote inayopima wagonjwa inapaswa kuwa na leseni ya bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB. Mkaazi anaweza kuomba kuonyeshwa leseni hiyo. Kwa sampuli ya mtoto, mzazi ahakikishe kwamba fomu ina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuchukuliwa kwa sampuli. Bila tarehe hizo mbili, daktari hawezi kujua kama siku 21 zilikuwa zimepita.

KUJIKINGA NYUMBANI

CMV bado haina chanjo iliyoidhinishwa. Kinga iliyopo ni usafi, hasa kwa mjamzito anayeishi na watoto wadogo au anayefanya kazi katika kituo cha kulelea watoto. Anawe mikono kwa sabuni na maji baada ya kubadilisha nepi, kulisha mtoto au kumpangusa kamasi na mate. Asile mabaki ya uji wa mtoto wala kutumia kijiko, kikombe au mswaki wa mtoto. Akimbusu, ambusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni. Palipo na uhaba wa maji, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni karibu na choo na jikoni vinatosha.

Mama aliyejifungua mtoto wa miezi iliyotimia asiache kunyonyesha kwa sababu ya jibu la CMV. Faida za maziwa yake ni kubwa kuliko hatari hiyo. Aliyejifungua mtoto njiti azungumze na daktari wa watoto.

Mwenye wasiwasi aanzie katika kituo cha afya kilicho karibu naye, au kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Kutoka hapo anaweza kuelekezwa katika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, na rufaa ya Nairobi ikihitajika itolewe kwa maandishi. Majibu yote ya CMV, yawe chanya au hasi, yahifadhiwe ndani ya Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. IgG iliyopimwa mwaka huu inaweza kumwondolea mama huyo maswali mengi katika mimba ijayo, mradi karatasi yake haijapotea.